Mume wangu hujaza unga chini ya kitanda kila uchaguzi ukikaribia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nairobi upande wa Eastlands, nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti ya milango minane. Huu ni mwaka wa kumi na nne wa ndoa. Mume wangu ni mtu mzuri. Hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, na mshahara wake ukiingia mimi najua. Nasema haya mapema kwa sababu barua kama hii ikisomwa, kuna watu hukimbilia kusema "mwache huyo". Sitaki kumwacha. Nataka anisikie.

Shida yetu ni unga. Tangu mwaka mpya, kila mwisho wa mwezi na wakati mwingine katikati, anakuja nyumbani na bunda begani. Bunda moja ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili mbili. Sasa yako sita, yamepangwa chini ya kitanda cha watoto. Nyuma ya mlango kuna jerikani mbili za mafuta ya kupikia, za lita 20 kila moja. Sukari iko kwenye kabati la nguo. Anasema uchaguzi wa Agosti 2027 hautamkuta mikono mitupu na kwamba hatatulia mpaka mabunda yafike kumi. Pesa nyingine amezitoa kwenye mkopo wa simu, mara mbili, na mimi nimejua baada ya ujumbe wa deni kuingia. Karo ya mtoto wa pili ina salio na mwalimu ameshatukumbusha. Nikimwambia hayo hunijibu neno moja tu: "Akiba haiozi."

Lakini Shangazi, hii imeoza. Jumamosi iliyopita nilivuta bunda la chini kabisa nipate kudeki. Maji ya kudeki yalikuwa yameingia chini ya karatasi siku nyingi bila mimi kujua. Pakiti tano zilikuwa zimegandamana kama udongo, zinanuka uvundo. Kwenye zilizobaki nilikuta utando mweupe kama wa buibui na vidudu vidogo vya rangi ya kahawia vikitembea kwenye mikunjo. Nilimwonyesha. Akasema nichekeche nipike.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Julai 2022, unga ulipokuwa umepita shilingi 200 pakiti ya kilo mbili, serikali ilitangaza utauzwa 100. Unakumbuka foleni za ule unga wa mia. Supamaketi ya karibu nasi iliweka kikomo, mtu mmoja pakiti mbili. Mume wangu alitupeleka mimi na binti yetu wa kwanza, wakati huo ana miaka 8. Tulipofika langoni akatuambia kuanzia hapa hatujuani, kila mtu na foleni yake. Keshia alipomwona mtoto peke yake na pakiti mbili kifuani akamuuliza, "Uko na nani, mrembo?" Mtoto akageuka kumtazama baba yake, aliyekuwa foleni ya tatu. Baba yake akatazama kando, kwenye rafu ya biskuti. Mtoto akasema, "Niko peke yangu."

Siku hiyo tulizunguka mara tatu. Tulirudi nyumbani na pakiti kumi na nane. Mzunguko wa mwisho, nyuma yangu alikuja bibi mmoja amejifunga leso, akasimama mbele ya rafu ambayo ilikuwa imebaki kibandiko cha bei tu. Akamuuliza kijana wa pale utaletwa lini mwingine, akajibiwa labda kesho. Halafu akazitazama pakiti mbili nilizokumbatia. Sikumpa hata moja. Mpaka leo naiona ile leso.

Binti sasa anakaribia miaka 13. Mwezi uliopita baba yake alisema mezani kwamba huenda tukapanga foleni tena. Akamjibu, "Mimi siendi. Ulinifanya niseme sina baba." Mume wangu aliinuka akatoka nje, akarudi sote tumelala.

Na jirani. Mlango wa pili kuna mama anayefulia watu nguo, ana watoto wawili. Jioni moja alikuja kukopa pakiti moja mpaka Ijumaa. Mume wangu akamjibu akiwa mlangoni, "Hata sisi hatuna." Kitinda mimba wetu alikuwa amekaa kitandani akininginiza miguu mbele ya mabunda. Yule mama aliona. Akasema, "Haya baba, asante." Tangu hapo ananisalimu akitazama chini, na mimi pia natazama chini.

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kuhusu Januari 2008. Mume wangu alikuwa na miaka 17, wanaishi Nairobi, mtaa ambao sitautaja. Maduka ya pale yalichomwa. Walikaa ndani siku nne. Mama yao alichemsha vijiti vya sukuma na chumvi, na mdogo wao alilia mpaka sauti ikakauka. Usiku wa siku ya nne jirani wa ukuta wa pili aligonga akawapitishia unga kwenye sufuria. Mume wangu hajawahi kunisimulia hata kidogo. Wifi alinisihi nisimwambie kwamba najua.

Shangazi, nifanyeje? Niutupe unga? Na nikiutupa, kisha Agosti ikawa kama ile, watoto wangu watakula nini? Kusema kweli hata mimi naogopa.

Mama wa Watatu, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale mtoto anapogeuka kumtafuta baba yake kwa macho. Nitafika huko. Kwanza tumzungumzie huyo baba, kwa sababu usipomwelewa yeye hutaweza kuondoa hata pakiti moja chini ya kitanda.

Mumeo si mlafi wala si bahili. Anajikinga na siku nne. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa kweli, tena akiwa na umri wa kuelewa kila kitu na asiwe na uwezo wa kufanya lolote. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa jioni ya tarehe 30, na usiku huohuo moto ukawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya nusu milioni wakayakimbia makwao. Reli iling'olewa Kibera. Barabara ya kwenda magharibi ilifungwa kwa mawe na magari yaliyochomwa, hadi Uganda na Rwanda zikakosa mafuta ya gari kwa sababu mafuta yao yalipitia kwetu. Kadi za simu ziliadimika na kuuzwa kwa bei ya juu, kwa hiyo hata kumpigia ndugu umuulize kama yuko hai ilikuwa kazi. Ilichukua mpaka tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba, watu wakaanza kupumua. Kijana aliyesikia mdogo wake akilia mpaka sauti ikakauka hawezi kuambiwa "usijali, hiyo ilipita" akatulia.

Tena kuna jambo jingine linalompa haki, na sijui kama ameliwaza au analihisi tu. Uchaguzi wetu huangukia Jumanne ya pili ya Agosti. Sasa tazama kalenda ya shamba. Mahindi mengi ya nchi hii hutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu, na kule huvunwa kuanzia Oktoba. Julai na Agosti ni miezi ambayo maghala yanakwangua chini, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu bado yako kijani. Unga hupanda miezi hiyo hata mwaka usio na siasa. Mwaka 2017 ulipita 150, serikali ikaushusha hadi 90 kuanzia Mei, na maduka yakaanza kuhesabia watu pakiti mbili mbili. Mwaka 2022 mambo yakawa yaleyale. Kwa hiyo mumeo, kwa macho yake, ameona chaguzi mbili mfululizo unga ukiwa shida. Ukimwambia anaota, atakuona wewe ndiye unayeota.

Kwa hiyo usimwambie anaota. Mwambie hesabu.

Supamaketi haina ghala kubwa mgongoni. Huagiza kile inachojua kitauzwa siku chache, kisha lori linarudi. Chukulia rafu ile ya kwenu ilipangwa pakiti 300, kwa watu mia tatu wanaokuja kila mmoja kutafuta moja. Ninyi siku ile mlichukua kumi na nane. Familia kumi na saba kama yenu zinatosha kuimaliza rafu ya watu mia tatu, na hiyo ya kumi na saba italalamika haikupata zote. Lori halikuhitaji kukwama popote. Familia kumi na saba ziliogopa asubuhi moja, basi.

Na wale wengine ni nani? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo roho yangu inapouma. Mtu mwenye mshahara wa mwezi anaweza kwenda saa tatu asubuhi. Anayefua nguo, anayebeba mawe mjengoni, anayeuza mahindi ya kuchoma, yeye pesa yake inaingia jioni. Anafika dukani saa kumi na mbili na noti ya 200 mkononi. Hana uwezo wa kununua bunda, hata la wiki. Stoo yake ni rafu ya duka na gorogoro la kioski, ule mkebe wa kupimia, anapimiwa nusu kilo, mafuta ya shilingi ishirini kwenye chupa, chumvi ya kijiko. Ule unga wa mia uliwekwa kwa ajili yake. Alipofika jioni alikuta kibandiko cha bei. Bibi mwenye leso alikuwa mmoja wao, wewe ulimwona tu kwa sababu alisimama karibu.

Sikusemi wewe peke yako. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, waziri wa afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, mchana huo nilikuwa supamaketi, nilikuwa nimefuata maziwa. Pakiti ya unga ilikuwa imepasuka sakafuni, na hakuna aliyeinama. Toroli zilipita juu yake moja baada ya nyingine, magurudumu yakachora mistari meupe kutoka kwenye rafu hadi kwa keshia. Nilisimama nikaitazama ile mistari. Kisha nikachukua sukari kilo kumi. Mimi na mjukuu wangu mmoja, tunaokunywa chai ya nusu kijiko. Sikuihitaji, niliona watu wanachukua, mkono ukaenda wenyewe. Najua mkono huo unavyokwenda, ndiyo maana siwezi kumcheka mumeo.

Sasa turudi kwenye mabunda. Hukuniambia pakiti moja inawakalia siku ngapi, lakini kwa watu watano, watoto wakiwa watatu, tuseme siku mbili na nusu. Basi bunda moja ni mwezi mzima. Mabunda kumi ni miezi kumi. Soma tarehe iliyopigwa kwenye pakiti. Unga mwingi wa sembe hupewa kama miezi sita, na ule usiokobolewa hupewa muda mfupi zaidi kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na mafuta yale huchacha. Kwa hiyo hata mkianza kula siku ileile aliyomaliza kununua, bunda la saba mtalifungua tarehe yake imekwisha. Anakopa kwa riba ili anunue chakula ambacho hesabu yake mwenyewe inasema hakitaliwa. Akiba haiozi, ni kweli, ndiyo maana watu waliweka nafaka kavu juu ya dari, palipo na moshi. Unga hawakuuweka. Walisaga wa siku chache.

Wiki hii, mwanangu, toa kila kitu chini ya kitanda. Zile tano zilizogandamana na kunuka uvundo usizichekeche na usizipike, haidhuru aseme nini. Unga uliopata maji huota kuvu, na kuvu fulani huacha sumu isiyokufa kwa moto. Ugali hauiondoi, uji hauiondoi. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Usimpelekee mtu mwenye ng'ombe pia, maana sumu hupita ikaingia kwenye maziwa. Zika au tupa. Zile zenye vidudu na utando lakini ni kavu na hazina harufu mbaya, hizo ndizo za kuchekecha, na mzile kwanza kabla ya kugusa nyingine. Yanayobaki yainue kutoka sakafuni, weka mbao au kreti chini yake, yasiguse ukuta. Pakiti mlizofungua zikae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Kisha zungumza naye. Usizungumze naye ukiwa umeshika pakiti yenye wadudu kama kielelezo cha mahakamani. Mtu mwenye aibu akionyeshwa ushahidi hujitetea, hasikii. Na kabla ya hapo mpigie wifi yako. Mwambie umeibeba siri yake inatosha, na umwombe yeye mwenyewe amwambie kaka yake, "Nimemsimulia mkeo." Maneno hayo yakitoka kwa dada yake, aliyekaa naye ndani siku zile nne, hayatakuwa umbeya. Mpe siku mbili tatu. Usiku watoto wakilala, mwulize swali moja tu: "Siku ile ya nne, mlikula nini?" Nyamaza umsubiri. Akilia mwache alie. Akisema hataki kuzungumza, mwambie utamuuliza tena Jumapili, na Jumapili umuulize.

Akifika kwenye ile sufuria iliyopitishwa ukutani, hapo ndipo umwambie habari ya jirani wa mlango wa pili. Polepole. Yeye anakumbuka njaa ya siku nne, sina hakika kama anamkumbuka aliyegonga. Mtu yule naye alikuwa na nyumba, pengine na watoto, na maduka yaliyochomwa yalikuwa yake pia. Aligawa. Mumeo yuko hai kwa unga wa mtu aliyekuwa na kidogo.

Baada ya hapo ndipo mpime. Mimi ningeweka bunda moja na nusu. Moja ni la mwezi, na hilo nusu ni la woga wake, mpe, usimnyime. Mkila pakiti, mnunue nyingine, mpya iende nyuma, ya zamani ije mbele. Mkitaka kuongeza, ongezeni pakiti moja kwa wiki kuanzia sasa, siku ya kawaida, rafu ikiwa imejaa. Pakiti moja ya ziada mwezi wa Machi haimuumizi mtu. Pakiti kumi na nane mwezi wa Julai zinaumiza. Na mwulize amefikiria nini zaidi ya unga. Nyumba yenye mabunda kumi na mtungi wa gesi uliokwisha italala njaa. Maji je? Mna jerikani mbili za mafuta, mna ngapi za maji safi? Mna maharagwe, chumvi, dawa za mtoto, pesa taslimu kidogo ndani ya nyumba, laini ya simu yenye salio? Mwanaume anayeogopa hupata nafuu akipewa kazi. Mpe hiyo orodha aishughulikie.

Ukitoa bunda lililoharibika, mnabaki na matano. Mkiweka moja na nusu, zinabaki pakiti 42 nzima. Ziuzeni kwa bei mliyonunulia, hapo kwenye ploti na kwa mama wa kioski, moja moja kwa anayetaka moja. Pesa hiyo ilipe mkopo wa simu kwanza kwa sababu riba yake hailali, na itakayobaki iende kwenye karo. Jerikani moja ya mafuta nayo mama wa kioski ataimaliza kwa wiki moja akipima. Na mkubaliane mbele ya Mungu kwamba chakula cha akiba hakinunuliwi kwa deni tena.

Kama atakubali haya yote mchana, halafu usiku ukamsikia anaamka kuhesabu pakiti, au anashtuka kelele zikipita nje, jua kwamba limezidi mazungumzo ya mume na mke. Hapo atafute mshauri nasaha, na wewe uende naye mara ya kwanza. Wako wengi waliobeba mwaka ule kimya kimya, wanaume hasa, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Umeniuliza, ikiwa Agosti itakuwa kama ile. Siwezi kukuahidi haitakuwa. Mimi pia nitakuwa na pakiti zangu za mwezi mmoja, maji yangu na dawa yangu ya presha. Lakini nitakachokitegemea zaidi ni kwamba kwenye ploti yangu tunajuana, najua nani ana mtoto mchanga na nani ana mgonjwa. Wewe uko kwenye milango minane. Zungumza na wanawake wenzako sasa, kabla joto halijapanda: nani ana jiko la makaa gesi ikikosekana, nani ana tangi, nani anaweza kukaa na watoto wa mwenzake barabara zikifungwa. Hayo hayahitaji mkopo.

Sasa binti. Nilisema nitafika.

Huyu mtoto alifundishwa kumkana baba yake kwa pakiti mbili za unga, akaifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu alitaka kumpendeza. Baba yake akatazama kando. Miaka minne na zaidi ameibeba, akaitoa mezani kwa sentensi moja. Usimwambie "tulikuwa tunakutafutia chakula". Anajua. Usimwambie "ulikuwa mdogo, hukuelewa". Alielewa kuliko ninyi. Baba yake amketishe, wewe ukiwepo, aseme: "Siku ile nilikukana, na sikupaswa. Nilikuwa naogopa." Kisha amsimulie hiyo Januari, kwa kiasi ambacho mtoto wa umri wake anaweza kukibeba, ili ajue baba yake alikuwa anamtoroka nani pale dukani. Nawe umwambie habari ya bibi mwenye leso, kwamba uliona na hukutoa. Atakuwa amemwona pia. Watoto huona.

Yule bibi hutampata tena. Mama wa mlango wa pili yupo. Chagueni pakiti mbili nzima, zenye tarehe ya mbali, mwende jioni akiwa amerudi kazini. Azibebe binti, na baba yake asimame kando yake. Mlango ukifunguliwa, baba ndiye aongee.

Shangazi